Mlango wa Kushoto

Mama Mkubwa tulimzika Alhamisi, na Jumamosi nyumba yake ya Buyenzi ilikuwa bado imejaa wanawake. Mimi nilikaa uani kwenye kigoda, nikichambua mchele na kusikiliza. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kumnyima mtu chakula. Mwingine akaongeza, "Na hakupenda mutu ale peke yake. We fika tu useme umeshiba, atakugombeza mpaka uombe kijiko." Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kufuta pua. Kisha msichana mmoja, mke wa mjukuu, akauliza kwa nini bibi alikuwa hivyo, na jirani akamjibu kwa sauti ya chini, bila kujua kwamba nimekaa nyuma yake: "Alikuwa na binti, zamani. Zubeda. Akamutenga, akamulisha peke yake, akizani iko na kifua kikuu. Kumbe apana. Toka pale hakujisamehe." Nikaendelea kuchambua mchele. Hivyo ndivyo habari hiyo inavyosimuliwa mtaani kwetu kwa miaka arobaini sasa, na karibu yote ni kweli, ila imemwacha nje mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi.

Ili unielewe, itabidi tupitie kwanza somo dogo. Usiogope, si gumu. Nimewafundisha watoto walioapa kwamba vichwa vyao havina nafasi ya sayansi, na kabla kengele haijalia walikuwa wakinieleza wao. Ufikirie moyo kuwa nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na katikati ukuta mnene usio na mlango hata mmoja. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini. Vitabu vyetu vya zamani viliiita damu chafu. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba si chafu, imechoka tu, imegawa hewa yake yote njiani. Inaingia chumba cha juu, inashuka cha chini, na kutoka hapo moyo unaisukuma kwenda mapafuni. Huko inapita katika mishipa myembamba kuliko unywele, iliyopakana na hewa unayoivuta. Inaacha hewa iliyotumika, inachukua mpya, na rangi yake inabadilika, kutoka wekundu wa kiza mpaka wekundu wa kung'aa. Sasa ngoja, maana hapa ndipo wengi huteleza: wanadhani ikitoka mapafuni inakwenda moja kwa moja mwilini. Haiendi. Lazima irudi moyoni kwanza, upande wa kushoto, chumba cha juu, ipite mlango wenye vipande viwili laini kama kitambaa, ishuke chumba cha chini, na chumba hicho, chenye nguvu kuliko vyote, ndicho kinachoituma mpaka kwenye ncha za vidole. Basi, ni hayo tu. Ukiweza kuifuata damu hadi kwenye mlango ule wa kushoto bila kupotea, umeshanizidi mimi nilivyokuwa nikiishi katika nyumba ile, ingawa kwenye daftari nilikuwa nimeichora vizuri kuliko darasa zima.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitoka Rumonge kuja kusoma miaka miwili ya mwisho katika lycée moja ya mjini, na Mama Mkubwa akanipa kitanda katika chumba cha mbele, pamoja na bintiye Zubeda aliyenizidi miaka mitatu. Chumba kile kilikuwa karakana kuliko kilivyokuwa chumba cha kulala. Cherehani ya miguu ilisimama chini ya dirisha, sakafu ilijaa vipande vya vitenge, na usiombe utembee pekupeku, kwa sababu ya pini. Zubeda aliongea huku pini nyingine ameziuma kwenye midomo, na hakuna aliyekuwa na maneno makali kama yake. Chakula tulikula wote kwenye sinia moja, sisi wanawake na watoto wa nyumbani, bugali katikati, ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizokaangwa kwa mawese upande huu, mboga za lengalenga upande ule, mikono sita au saba ikiingia na kutoka. Katika nyumba nzima hakuna mwingine aliyefika lycée. Barua nilisoma mimi, vikaratasi vya dawa nilisoma mimi, na mtoto wa jirani alipomeza kifungo niliitwa mimi. Waliniita Dokta. Mwanzoni ulikuwa mzaha, na ningependa kusema nilitaka ubaki mzaha, lakini nitakudanganya nikisema hivyo. Nilifurahi ulipoacha kuwa mzaha.

Mwezi wa kumi tulipanda mlima kwenda mtaa wa Kiriri, Zubeda na mimi, kupeleka mapazia kwa mke wa mkubwa mmoja. Mimi nilibeba furushi, yeye hakubeba kitu, na bado alisimama kila baada ya nyumba mbili, mkono ukutani, mabega yakipanda na kushuka. "Hawa wakubwa," akasema alipopata pumzi, "wanajenga juu makusudi. Ukifika mulangoni umechoka, huwezi kubishana bei." Nikacheka. Akacheka pia, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha mpaka akachutama kando ya barabara. Aliponyanyuka alikuwa ameshika kipande cha kitambaa mdomoni, na kwenye kitambaa kulikuwa na povu jekundu. Jekundu la kung'aa. Alilitazama kama anavyotazama rangi iliyochuja kwenye nguo ya mteja. "Ni vumbi," akasema.

Jioni nilisema kila kitu mbele ya sinia. Mama Mkubwa aliacha tonge hewani. Alimtazama Zubeda, kisha akanitazama mimi, na mbele ya watu wote, mbele ya Yasini, fundi wa magari aliyekwisha kumposa Zubeda na ambaye jioni ile alikuwa amekaribishwa kula barazani, akaniuliza: "We unasoma. Sema basi, iyi damu inatoka wapi?" Nikanawa mkono. Nakumbuka kunawa kule, jinsi nilivyojipa muda kama mwalimu. Nikaeleza kwamba damu ya tumboni huwa na kiza, na hii ilikuwa inang'aa na ina povu, yaani imechanganyika na hewa, kwa hiyo imetoka kwenye mapafu. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na mpaka leo ningejipa alama zangu. "Na mapafu yakitoa damu, ni ugonjwa gani?" akauliza Mama Mkubwa. Nikajibu kwa Kifaransa, ili neno lipendeze: "Tuberculose." Zubeda akasema, "Mi? Apana, kwani nimekonda?" Neno la Kifaransa lilikuwa limeshakaa kati yetu, na barazani nilisikia kijiko cha Yasini kikiwekwa chini polepole.

Sitaki kuwatupia lawama watu wa zahanati. Walipima makohozi mara mbili wakakosa vijidudu. Picha ya kifua ilionyesha ukungu pande zote mbili, na ukungu ule ungeweza kuwa mambo mengi. Lakini Mama Mkubwa aliketi mbele ya mganga akasema kwa fahari, nami nikiwa pembeni na sare yangu ya shule, "Mutoto wetu wa lycée alishatuambia, ni ile tuberculose." Mganga akanitazama, akatabasamu, akasema, "Bon, kama mademoiselle amesema," akaandika. Basi ikawa sindano kila asubuhi. Na nyumbani ikawa sahani ya bati ya peke yake, kikombe cha peke yake, na kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha makaa. Mama Mkubwa alikifagia mwenyewe, akapaka chokaa, akaweka godoro jipya, akilia muda wote. Hakufanya kwa ukatili, naomba hilo lieleweke. Alikuwa na wajukuu watatu wadogo ndani ya nyumba, naye alikuwa ameambiwa na msomi. Wateja wa nguo waliacha kuja mmoja mmoja. Yasini alikuja mara mbili akasimama langoni na oili yake mikononi, akauliza hali kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Mara ya tatu alikuja shangazi yake, akanywa chai, akasema ndoa ni jambo lisilofanyiwa haraka. Niliyasikia maneno hayo kutoka chumba cha mbele, ambacho sasa kilikuwa changu peke yangu, cherehani ikiwa imefunikwa shuka.

Zubeda hakuweza kulala. Akilala chali alisema kifua kinamjaa maji, kwa hiyo alilala ameketi, ameegemea ukuta, na mito miwili na gunia la vitambaa mgongoni. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa dogo, halina kioo, lina nondo mbili. Baada ya shule nilipindua ndoo chini ya dirisha lile, nikakaa na daftari, nikamsomea masomo yangu. Alikuwa ameacha shule darasa la sita kwa ajili ya cherehani, na alikuwa na akili ambayo sijaipata kwa wanafunzi wengi. Hakukubali kitu kabla hajakiona. Nikisema "mishipa inatoka moyoni," aliuliza imeshonewa wapi. Nikisema damu hairudi nyuma, aliuliza inazuiwa na nini. Watu wa nyumbani walinisifu kwa moyo mwema, kwamba namsomea mgonjwa. Na ni kweli nilimpenda. Lakini nilikaa upande wa nje wa dirisha.

Mwezi wa nne, kabla Ramadhani haijaandama, mwalimu wetu wa biolojia, Bwana Melkiori, alitaka moyo wa ng'ombe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka Buyenzi, wachinjaji wakiwa majirani zetu, kazi ikawa yangu. Niliupeleka umefungwa kwenye jani la mgomba. Bwana Melkiori akaupasua upande wa kushoto kwa kisu cha jikoni, akatuita tuzunguke meza, akauinua ule mlango kwa ncha ya penseli: vipande viwili vyeupe, laini, vimefungwa kwa nyuzi nyembamba zinazoshuka mpaka kwenye nyama ya chumba cha chini. Nikafikiria mishono ya Zubeda. Mwalimu akauliza, "Tuseme kingo za vipande hivi zimegandana. Mlango haufunguki ila ufa tu. Damu inayotoka mapafuni itakwenda wapi?" Nikanyoosha kidole. Nikasema haiwezi kusonga mbele, kwa hiyo itajaa chumba cha juu, na chumba kikijaa itarudi ilikotoka, itajaa kwenye mapafu. "Na mgonjwa atajisikiaje?" Nikasema atakosa pumzi akipanda mlima, kwa sababu moyo utaharakisha na mlango hautaipitisha damu yote. "Na akilala chali?" Nikafungua mdomo. Nikasema damu ya miguuni itarudi kwa wingi, mapafu yatazidi kujaa, hataweza kulala, atalala ameketi. "Na mishipa midogo ya mapafu, ikizidiwa?" Nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali, itapasuka, atakohoa damu. Ya kung'aa. Yenye povu. Bwana Melkiori akapiga makofi, akaniandikia tisa juu ya kumi, akawaambia wenzangu wasome kama mimi.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na nilipofika nilikuwa nimeshaamua kusema. Nikapindua ndoo, nikakaa. Zubeda akaegemeza paji la uso kwenye nondo. "Leo mumesoma nini, Dokta?" Nikamweleza moyo wa ng'ombe, vyumba, milango, nyuzi. Alipenda sana habari ya nyuzi. Alivuta pumzi kwa shida, kisha akauliza lile ambalo nilijua ataliuliza, maana ndivyo alivyokuwa: "Na ule mulango wa kushoto ukikwama? Ukishonwa pasipotakiwa? Ile damu itaenda wapi?" Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilichonizuia. Nyuma yangu, uani, Mama Mkubwa alikuwa akimwambia jirani, "Uliza Dokta wetu, atakuambia." Hilo lilitosha. Nikafunga daftari. Nikasema, "Hiyo haimo kwenye programu. Hawaulizi mtihani." Akasema, "Ah," na hakuuliza tena.

Jioni ile nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nilijiambia nihakikishe kwanza, labda mwalimu alikuwa akitoa mfano tu. Kisha nikajiambia ningoje sindano ziishe, ili ionekane zimeshindwa zenyewe, na kusiwepo na haja ya mtu kusema nani alikosea. Nikajiambia nimalize mitihani. Nikajiambia Mama Mkubwa atanirudisha Rumonge, na hilo halikuwa la kubuni, angeweza. Wanafunzi wangu wakikosea hesabu huwaambia msione haya, kosa ni mwanzo wa kujua. Nalisema kwa dhati. Lakini najua pia kuna kosa la pili, la kujua na kukaa kimya, na hilo sina namna ya kulitia moyo. Ramadhani iliingia. Kila magharibi sisi tulikaa kwenye mkeka, tende na uji, na sahani ya bati ikapelekwa nyuma. Siku ya Idi watoto walivaa nguo zilizoshonwa na fundi mwingine. Mama Mkubwa alipika pilau, akajaza ile sahani kuliko sahani zote, akaiweka kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, akarudi hatua tatu. Zubeda akasema kutoka ndani, "Sukuma mbali kidogo, Mama. Naweza kukurukia." Wajukuu wakacheka. Mama Mkubwa akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawia mikono ya wageni, na niliendelea kuwanawisha.

Aliyesema ukweli hakuwa mimi. Mwezi wa saba, vumbi likiwa jingi, alikuja Mama Byamungu, muuguzi kutoka Uvira aliyekuwa akiishi Kinama, akitafuta fundi wa kumrekebishia sare ya kazi. Alikuwa mgeni, hakuna aliyemwambia. Mama Mkubwa akamjibu langoni kwamba fundi ni mgonjwa. Kikohozi kikasikika kutoka nyuma, na yule mama akageuza kichwa kama mtu aliyesikia jina lake. "Ule njo fundi mwenyewe? Iko anakohoa ivi toka lini?"

"Toka mwaka jana. Ni kifua, mama. Usisogee."

"Nimesogea kwa wengi. Analala wa kukaa?"

"Anasema akilala chali, maji yanamujaa."

Mama Byamungu hakuomba ruhusa tena. Aliingia chumba cha nyuma, akakaa kwenye godoro bega kwa bega na Zubeda, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya kwa miezi minane, akabonyeza miguu yake kwa kidole na kutazama shimo lililobaki. Akatoa kipimo cha kusikilizia mkobani, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akaagiza redio ya jirani izimwe. Alisikiliza muda mrefu sana. Kisha akauliza, "Mutoto huyu, alipokuwa mudogo, koo ilimusumbua?"

"Sana," akasema Mama Mkubwa kutoka mlangoni. "Homa na koo, homa na koo. Tukamupeleka kwa yule bibi, akamukata kirimi. Akapona." Kirimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, mtaani kwetu kilikatwa kama kucha, na watoto wengi tulikatwa.

"Na magoti?"

"Yalivimba. Tukasema anakua."

"Bon. Mama, sikia. Ugonjwa wa koo ulipashwa kuchomewa sindano yake. Kirimi ilikatwa, lakini ugonjwa ulibaki, ukashuka mu magoti, ukapanda mu moyo. Kuna mulango kule ndani umegandana. Damu inashindwa kupita, inarudi mu mapafu. Hii si kifua kikuu."

Mama Mkubwa akashika fremu ya mlango. "Haiambukizi?"

"Moyo? Moyo utamuambukiza nani, mama?"

Sahani ya mchana ilikuwa bado chini, na maharagwe yaliyopoa na kipande cha bugali kilichoanza kukauka. Mama Mkubwa aliingia, akapiga magoti, akaanza kula. Alikula kwa mkono, haraka, akilia, chakula kikimwanguka kifuani, akaramba vidole, akakombeleza sahani ile ya bati mpaka ikalia. Muuguzi akatazama pembeni. Lakini Zubeda hakumtazama mama yake, wala hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi, niliyekuwa nimesimama nje ya dirisha lile lile, na niliona kwamba hakuwa akinitazama kwa mshangao.

Alingoja tuwe wawili. Ilikuwa magharibi, wanaume wamekwenda msikitini, na kwa mara ya kwanza niliingia nikakaa kwenye godoro. "Ulijua," akasema. Nikasema ndiyo. "Toka lini?" Nikasema toka ule moyo wa ng'ombe. Akahesabu kwa vidole, si haraka, kama anayepima kitambaa. "Idi ilikuwa bado." Nikasema ndiyo, ilikuwa bado. Nikaanza kulia na kusema nitakwenda sasa hivi kumwambia mama yake, nitasema yote. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Usimwambie. Atakufukuza, utarudi Rumonge kukausha samaki, na umebakiza mwaka mumoja. Mi niliacha shule darasa la sita. Nyumba hii haitapoteza wawili." Nikasema, "Nisamehe, dada." Akaniachia mkono. "Apana. Sijakusamehe, unasikia? Ninanyamaza tu. Si kitu kimoja."

Daktari wa hospitali alithibitisha. Mlango ule ungeweza kufunguliwa kwa upasuaji, lakini siku zile si hapa kwetu, na ng'ambo kulikuwa mbali kuliko mwezi. Alipewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, na vidonge vile, ambavyo vilikuwapo zahanati muda wote ule, vilimpa mwezi wa saba uliobaki, wa nane na wa tisa. Alirudi chumba cha mbele. Alilala kwa mito miwili, kisha mmoja. Alirudi kwenye sinia, na Mama Mkubwa alikaa karibu naye mno, akimchagulia ndagala kubwa, mpaka Zubeda akasema, "Mama, niachie na mi nivue mwenyewe." Aliongea na mimi kama kawaida mbele ya watu. Tukiwa wawili aliongea kidogo. Hakuniita tena Dokta, akawa ananiita kwa jina langu, Hawa, na jina langu halijawahi kuwa zito hivyo. Alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, mvua ya kwanza ikipiga mabati, akiwa na miaka ishirini na moja. Watu huniambia, wale wachache wanaojua maradhi yake, kwamba asingepona vyovyote. Najua. Nimesoma kuliko wao, naweza kukuchorea kwa nini asingepona. Lakini pumzi ya miezi ile mitatu angeipata tangu mwezi wa nne. Na Idi angeila kwenye sinia, mkono wake katikati ya mikono yetu. Sikumwibia maisha, nilimwibia watu.

Nilimaliza lycée. Nikawa mwalimu, na kila mwaka nilipofika kwenye mlango wa kushoto niliuliza lile swali la Bwana Melkiori, nikangoja, na mtoto aliyejibu nilimwambia, "Vizuri sana. Sasa nani nyumbani kwenu analala ameketi?" Wawili katika miaka yote hiyo waliniletea jibu, na mmoja wao, mama yake yuko hai Gihosha, ana kovu kifuani na wajukuu. Hilo lilinifurahisha, sitakataa. Halikunifutia chochote. Ombi la Zubeda lilikuwa la mwaka mmoja, nimalize shule. Mimi nikalifanya la maisha. Shule iliisha, nikajiambia namheshimu marehemu. Miaka ile mibaya ya nchi ikaja na kupita, kila nyumba ikawa na vifo vyake, na ilionekana aibu kufukua kifo kimoja cha zamani. Mama Mkubwa akazeeka. Kila mgeni aliyeingia kwake alilazimishwa kula, na kila mara mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Wiki tatu zilizopita aliniita. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha mbele, mdogo kama mtoto, sauti imebaki nyuzi. Akawatoa wengine. "We mwalimu," akasema, "nataka kukuuliza, na usinibembeleze. Ile miezi ya Zubeda. Mungu ataniuliza. Nitasema nini?"

"Utasema hukujua, Mama Mkubwa."

"Kuna mutu alijua? Mutu mumoja tu, angeniambia?"

Dirisha lilikuwa wazi. Uani watoto walikuwa wakigombania baiskeli. Alinitazama kwa macho yaliyokwisha kufifia, akingoja, na sidhani katika maisha yangu niliwahi kuulizwa swali rahisi kuliko lile.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna aliyejua."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hukumu aliyoitegemea. "Basi ni mi peke yangu," akasema. Akatafuta mkono wangu juu ya shuka mpaka akaupata. "Niombee, mwanangu. Mungu anisamehe."

Nikainua mikono, nikaomba kwa sauti, ili asikie, Mungu amsamehe.